Kumbukumbu Iliyotungwa kwa Sindano

Umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, uniti za mita ya LUKU huwa palepale zilipoachwa. Hakuna anayeshangaa. Ndani ya mita ile ya ukutani mna kompyuta ndogo, nayo ina kumbukumbu isiyohitaji umeme ili iendelee kukumbuka. Leo tunaliona jambo dogo. Miaka 75 hivi iliyopita liliwatoa jasho mabingwa wa vyuo vikuu vya Uingereza na Marekani, na moja ya majibu yaliyoaminika sana lilitoka mikononi mwa wanawake waliopitisha nyaya kwa sindano, kama mtu anavyotunga shanga.

Kioo kilichosahau

Juni 21, 1948, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Freddie Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill waliwasha mashine iliyopewa jina la utani Baby. Ilipiga hesabu kwa dakika 52, ikatoa jibu sahihi. Ilikuwa kompyuta ya kwanza ya kielektroniki kuendesha programu iliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake yenyewe.

Kumbukumbu hiyo ilikuwa bomba la kioo la jamii moja na yale ya televisheni za kizamani. Alama 1,024 za sifuri na moja ziliandikwa kwa chaji za umeme juu ya uso wa kioo. Chaji hizo zilififia kufumba na kufumbua, kwa hiyo mashine ilikuwa ikizisoma na kuziandika upya bila kupumzika. Ukizima umeme, kila kitu kimetoweka.

Ng'ambo ya Atlantiki, katika chuo cha MIT, Jay Forrester alikuwa akiongoza ujenzi wa Whirlwind, kompyuta iliyoanza kama mradi wa kifaa cha kufunzia marubani wa jeshi la majini la Marekani. Naye alitegemea mabomba ya kioo. Yalikuwa ghali, na yaliharibika mara kwa mara. Mwaka 1949 akageukia pete ndogo za sumaku, na mwanafunzi wake, William Papian, akazipeleka maabara kuzijaribu.

Katika mji huohuo wa Cambridge, Massachusetts, kwenye Chuo Kikuu cha Harvard, An Wang, mzaliwa wa Shanghai, alikuwa ameshafumbua fumbo jingine. Pete ya sumaku ukiisoma, unaifuta. Dawa yake Wang ilikuwa nyepesi: ukishasoma, andika tena papo hapo.

Mtande na mshindio

Anayejua kazi ya kitanda cha mfumi ataielewa kumbukumbu ya Forrester bila taabu. Nyaya za wima ni mtande, za mlalo ni mshindio, na kila zinapokutana pamevishwa pete moja. Pete ikielekezwa sumaku upande mmoja ni sifuri. Ikigeuzwa upande wa pili ni moja.

Ufundi wenyewe uko kwenye kipimo cha umeme. Waya mmoja wa wima hupewa nusu ya nguvu inayotakiwa, na waya mmoja wa mlalo nusu ya pili. Pete zote zilizo juu ya nyaya hizo hupata nusu, zisigeuke. Ile moja iliyo kwenye njia panda hupata nguvu kamili, ikageuka. Hivyo kwa nyaya chache unaweza kuifikia pete yoyote kati ya maelfu. Na umeme ukizimwa, sumaku hubaki ilivyo.

Agosti 1953 Whirlwind ikafungwa kumbukumbu ya pete. Kasi yake ikaongezeka, na mafundi wakapumua. Kwa takriban miaka 20 iliyofuata, pete hizo ndizo zilizotawala kompyuta duniani.

Kamba ya kwenda mwezini

Mwaka 1961 NASA iliipa maabara nyingine ya MIT, iliyoongozwa na Charles Stark Draper, kazi ya kutengeneza mfumo wa kuongoza vyombo vya Apollo. Wakati huo kompyuta nyingi zilijaza chumba. Hii ilitakiwa iishi ndani ya chombo, ifanye kazi yake moja ya kuongoza safari, na isizidi uwezo wa kubebwa. Ilipokamilika ilikuwa na uzito wa kilo 32 hivi. Ni miongoni mwa mababu wa kompyuta zote zinazojificha leo ndani ya magari, mashine za hospitali na mita za umeme.

Ilikuwa na kumbukumbu ya aina mbili. Ya kufutika ilikuwa na maneno 2,048 tu ya kompyuta. Programu zenyewe, maneno 36,864, zilikaa kwenye kumbukumbu isiyofutika iliyoitwa kamba. Humo waya ukipita ndani ya pete ni moja. Ukipita kando ni sifuri. Programu haikuandikwa juu ya kitu. Njia za nyaya ndizo zilizokuwa programu.

Kamba hizo zilitungwa katika kiwanda cha Raytheon, mjini Waltham, Massachusetts. Mwanamke aliketi mbele ya fremu, mkononi sindano yenye waya mwembamba. Mashine iliyosoma utepe wa matobo ilimsogezea tundu la pete inayofuata. Anapitisha sindano, anavuta waya, anangoja tundu jingine. Kila kasha la kamba lilikuwa na pete 512, na kila pete ilihusika na nyaya 192. Kazi ilichukua majuma, ikakaguliwa na macho zaidi ya jozi moja, kisha kasha likajazwa plastiki likagandishwa. Baada ya hapo kosa halikuwa na pa kurekebishwa.

Novemba 14, 1969, Apollo 12 iliruka kutoka Florida chini ya mawingu mazito. Kabla ya dakika moja kutimia ilikuwa imepigwa na radi mara mbili. Taa za tahadhari zikawaka kila upande, na umeme wa chombo ukayumba. Kompyuta ya Apollo ikajianzisha upya, na ilipokaguliwa, kumbukumbu yake ilikuwa salama. Siku tano baadaye Charles Conrad na Alan Bean walitua mwezini, kwenye uwanda uitwao Bahari ya Dhoruba.

Wajenzi wasiotajwa

Mwaka 1970 Intel iliingiza sokoni chipu ya kumbukumbu iitwayo 1103, na enzi ya pete ikaanza kuzama. Mwaka 1984 Fujio Masuoka wa Toshiba alitangaza kumbukumbu ya flashi, ambayo nayo haisahau umeme ukikatika. Ndiyo inayotunza picha katika simu zetu.

Vitabu vya historia humtaja Forrester, humtaja Wang, humtaja Draper, na wanastahili. Wanawake wa Waltham wengi wao hawatajwi kwa majina. Lakini hesabu ya mtafiti ilikaa karatasini mpaka walipoipitisha wao, tundu kwa tundu. Aliyetunga waya wa 192 kwa makini yaleyale aliyotungia wa kwanza, naye ni mjenzi wa kompyuta, na mahali pake ni katika orodha ileile ya maprofesa.