Ng'ombe wa Machakos, 1938

Mtu atembeaye katikati ya mji wa Nairobi, karibu na Soko la Jiji, hukuta njia iitwayo Muindi Mbingu. Watu hulitaja jina hilo kila siku, katika kuagana mahali pa kukutana au kuuliza duka, wala wengi wao hawajui kwamba mwenye jina alihamishwa kwa nguvu hata Lamu kwa ajili ya ng'ombe. Hakuiba ng'ombe wa mtu. Alikataa tu kwamba ng'ombe wa watu wake wahesabiwe, wapigwe chapa na kuuzwa kwa amri. Habari hiyo yafaa isimuliwe taratibu, maana ndani yake yamo mambo mawili yaliyo kweli pamoja, ingawa wenye kuyashika walikuwa maadui: nchi ya Machakos ilikuwa ikiharibika, na dawa iliyoletwa ilikuwa mbaya.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Machakos ni nchi ya vilima na mabonde yashukayo kuelekea nyika kavu za mashariki. Juu, kama vile Mbooni, Iveti na Kangundo, mvua ni ya kutosha kiasi. Kadiri ushukavyo, ndivyo ipunguavyo. Hunyesha mara mbili kwa mwaka, na mara nyingi mojawapo hukosa, pengine zote mbili. Wakamba waliijua tabia hiyo ya nchi yao, wakazipanga haki za ardhi kwa kuifuata. Shamba lililolimwa na mtu na kurithiwa na wanawe liliitwa ng'undu. Mahali pa malisho palipozungushiwa mipaka na mtu mmoja kwa muda paliitwa kisesi. Kisha ilikuwapo weu, nyika ya wote, isiyo na mwenyewe, ambako vijana walikwenda na mifugo wakajenga maboma ya mbali yaitwayo syengo, wakakaa huko miezi mingi. Majani ya karibu na nyumbani yakipungua, ng'ombe hawakuwapo hapo kuyamaliza. Walikuwa weu.

Desturi hiyo ilitaka kitu kimoja tu, nacho ni nafasi. Nafasi ndiyo iliyoondolewa. Tangu mwanzo wa karne ya ishirini vilima vya Mua na sehemu za nyanda za Athi zilipewa masetla wa Kizungu. Uwanda wa Yatta, ambao Wakamba walikuwa wakiulisha, ukahesabiwa kuwa ardhi ya Mfalme wa Uingereza, wakaruhusiwa kuutumia kwa masharti na kwa nyakati tu. Mwaka 1926 mipaka ya rizavu za Waafrika ilitangazwa rasmi. Tangu hapo weu haikuwa tena nyika isiyo na mwisho. Ilikuwa na ukingo, na ng'ombe aliyeuvuka aliweza kumletea mwenyewe faini.

Wakati uo huo watu na mifugo walikuwa wakiongezeka. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, ikafuatwa na njaa kuu ya miaka ya 1898 na 1899. Wale waliosalia walianza upya kukusanya mitamba mmoja mmoja. Baada ya miaka thelathini makundi yalikuwa yamerudi, na hesabu ya mwaka 1930 ilikadiria ng'ombe kama 250,000 katika wilaya, pamoja na mbuzi wengi kupita hao. Hapo pana jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita upesi. Kwa miaka mingi ng'ombe wa rizavu waliwekwa chini ya karantini kwa sababu ya magonjwa, wasipate kupitishwa katika nchi ya masetla kwenda sokoni. Mtu aliambiwa asiuze; alipokuwa na ng'ombe wengi, akalaumiwa kwa kutouza.

Tena, hata soko lingekuwapo, mwenye ng'ombe alikuwa na hesabu yake. Ng'ombe alikuwa maziwa, mahari, dhamana ya deni, na akiba ya siku ya njaa. Tuseme ukame huua ng'ombe wanne katika kila watano. Mwenye ishirini atabaki na wanne, naye aweza kuanza tena. Mwenye watano atabaki na mmoja, na huyo mmoja akiwa maksai, ukoo wa ng'ombe wake umekwisha. Basi kila mtu alipoongeza mifugo yake alitenda kwa akili. Taabu ni kwamba akili za watu elfu, kila mmoja akitazama zizi lake, hukutana katika kilima kimoja chenye nyasi zile zile.

Na nyasi zina sheria yake. Jani la nyasi ndilo liulishalo mzizi. Ng'ombe akilila na kupita, mzizi hutoa jani jingine kwa nguvu iliyowekwa akiba, kisha jani jipya hurudisha ile akiba. Lakini ng'ombe wa pili akija juma lile lile, na mbuzi nyuma yake, mzizi hutoa tena na tena hata akiba ikaisha. Hapo hufupika, na siku ya jua kali hauwezi kuyafikia maji yaliyo chini. Nyasi za miaka mingi hufa kwanza, maana ndizo tamu na ndizo zipendwazo. Mahali pake huota magugu ya msimu mmoja, kisha miiba, kisha pengine hapaoti kitu. Udongo ulio wazi hupigwa na matone ya mvua ukajifunga juu kama sakafu. Mvua ile ile iliyokuwa ikizama sasa huteleza, huchukua udongo wa juu, huchimba mifereji, na mifereji huwa makorongo. Mtu asimamaye hapo husema kwamba mvua zimepungua. Mara nyingi mvua hazikupungua, ila hazikai.

Hayo ndiyo waliyoyaona maofisa wa serikali. Tume ya Kilimo ya mwaka 1929, chini ya Sir Daniel Hall, ililalamikia wingi wa mifugo katika rizavu. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyofanya kazi tangu 1932 ikatoa taarifa yake 1934, ilisema vivyo hivyo. Nzige walikuwa wamepita, na miaka ya katikati ya 1930 ilikuwa ya ukame. Mwaka 1937 Colin Maher, mtaalamu wa kuhifadhi udongo, aliizunguka Machakos akaandika taarifa kali, akisema kwamba wenyeji wanaelekea umaskini usio na tumaini na nchi yao inageuka kuwa jangwa la mawe na mchanga. Picha zilizopigwa mwaka huo zaonyesha vilima vilivyo uchi, vyekundu, vimechanikachanika. Hakuwa akizua.

Neno lililotoka Nairobi lilikuwa kupunguza mifugo. Kila eneo liliwekewa idadi ambayo malisho yaliweza kuichukua. Ng'ombe waliochaguliwa kubaki walipigwa chapa ya moto, na waliozidi walikuwa wauzwe. Wakati ulikuwa umetengenezwa vizuri kwa mnunuzi, maana mwaka 1938 kampuni ya Liebig ilikuwa imefungua kiwanda chake cha nyama Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wengi kwa bei nafuu. Kama kiwanda kililetwa kwa ajili ya kuisaidia ardhi, au ardhi ilitajwa kwa ajili ya kukisaidia kiwanda, wenyeji hawakuwa na shaka ya jibu. Ng'ombe walikamatwa wakauzwa mnadani kwa bei duni. Baadhi yao walinunuliwa na masetla, wakapelekwa kulisha upande wa pili wa mpaka. Hilo liliwachoma watu kuliko chapa. Ikiwa ng'ombe huyu ni mzigo juu ya nchi, mbona ng'ambo ya ule uzio amekuwa mali?

Wazee walikutana, viapo vikaliwa, watu wakaagana kutopeleka mifugo kupigwa chapa. Chama cha Ukamba Members Association kilizaliwa katika msukosuko huo, na Samuel Muindi, aliyejulikana kwa jina la Mbingu, akawa msemaji wake mkuu. Barua ziliandikwa, nao Wakikuyu wa chama cha K.C.A. waliwasaidia kwa shauri. Barua zilipokosa jibu la kuridhisha, mwishoni mwa Julai 1938 maelfu ya watu waliondoka Machakos kwenda Nairobi kumwona Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Hawakuwa wanaume peke yao. Walikuwapo wanawake na watoto. Gavana hakuwapokea. Basi walikaa. Walipiga kambi Kariokor, wakapika na kulala hapo kwa majuma kadhaa, bila fujo, wakisema ya kwamba hawataondoka hata wamsikie kwa masikio yao wenyewe.

Yafaa kukumbuka ni nani waliokuwa wamekaa pale. Askari wengi wa jeshi la King's African Rifles na wa polisi walikuwa Wakamba, na baba zao na mama zao ndio waliokuwa Kariokor. Dunia ilikuwa ikinusa vita. Serikali haikuweza kuwatazama watu hao kama wageni wasumbufu. Maswali yalikwisha kuulizwa katika Bunge la Uingereza. Mwishowe, Agosti ikielekea kwisha, Gavana mwenyewe alikwenda Machakos akafanya baraza, akasema na watu. Hakukubali yote, wala watu hawakuridhika na yote. Muda si mrefu baadaye Muindi Mbingu alikamatwa, akapelekwa Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha ile amri ya kuuza kwa nguvu iliachwa. Alihamishwa mtu mmoja, ng'ombe wakabaki.

Muindi alirudi kwao mwaka 1946, akauawa mwaka 1953, katika siku za hali ya hatari.

Sasa tuulize: ng'ombe walipobaki, ardhi ilikuwaje? Kwa miaka kadhaa iliendelea kulika. Katika habari za namna hii ni rahisi kumpa kila aliyeonewa haki katika kila neno, lakini udongo haukujua ni nani aliyeonewa. Maher alisema kweli juu ya makorongo. Kosa lilikuwa katika kuchukua hesabu ya ng'ombe kwa ekari, kuitenga na mambo yaliyowafanya ng'ombe wawe wengi, yaani mpaka, karantini, na ukosefu wa akiba nyingine, kisha kuwatoza wenye ng'ombe peke yao gharama ya hesabu hiyo. Hata yenyewe ile hesabu ina udhaifu. Idadi iwezayo kulishwa katika mwaka mwema ni nyingi mno kwa mwaka wa ukame, na iwezayo kuupita ukame huacha majani mengi yakauke bure mwaka mwema. Katika mwaka 1988 wataalamu James Ellis na David Swift, waliofanya uchunguzi Turkana ya kusini, walionyesha kwamba katika nchi kavu kama ile ukame wenyewe ndio upunguzao makundi kabla hayajaimaliza nyika, na kwamba kuhamahama kwa mfugaji ni hekima. Machakos si Turkana. Vilima vyake hupata mvua zaidi na watu wake ni wengi, na huko uharibifu ulikuwa dhahiri. Lakini fundisho la nafasi ni lile lile ambalo weu na syengo zilikuwa zimelifuata.

Baada ya vita kuu ya pili serikali ilitumia fedha nyingi katika kazi za udongo. Watu walihamishiwa Makueni, nchi iliyokuwa na vichaka na mbung'o, wakapewa mashamba yenye masharti ya idadi ya mifugo. Vilimani watu walichimba matuta, mwanzo kwa kulazimishwa na kwa kunung'unika. Kazi ilibadilika ilipokabidhiwa vikundi vya mwethya, ile desturi ya zamani ya majirani kusaidiana, na vikundi hivyo vikajichagulia viongozi wao, wengi wakiwa wanawake. Tuta lililopendwa likawa lile la fanya juu, ambalo udongo wake hutupwa upande wa mlima hata shamba likajitengeneza kuwa ngazi. Juu ya kingo za matuta zilipandwa nyasi za kukatwa. Nyika ya wote nayo ilikatwakatwa polepole ikawa mashamba yenye wenyewe, na mwenye ekari tano hakuwa na mahali pa ng'ombe ishirini. Alifuga wawili au watatu, akawafunga, akawaletea majani na mabua ya mahindi, akarudisha samadi shambani. Kwa hiyo ng'ombe kwa kila nyumba walipungua bila mnada wala chapa. Wapo waliopoteza katika mabadiliko hayo, hasa maskini ambao weu ilikuwa zizi lao la pekee, na hilo halionekani katika picha.

Watu wa Machakos walikuwa kama 238,000 mwaka 1932. Kufikia 1989 walikuwa karibu 1,400,000. Wachunguzi waliorudi na zile picha za mwaka 1937, wakatafuta mahali pale pale alipokuwa amesimama mpiga picha, walipata tabu kuvitambua vilima. Walilazimika kufuata umbo la miamba na mistari ya vilele dhidi ya mbingu, kwa kuwa chini yake miteremko iliyokuwa uchi ilikuwa imefunikwa na matuta, miti ya matunda na mahindi, na katika vipande vilivyoachwa kuwa malisho, nyasi.