Ngitili Ndani ya Pikseli: Picha za Angani za Shinyanga na Mipaka ya Kuzikuza

Mtafiti anayetaka kujua nchi ya Samuye na kata jirani za Wilaya ya Shinyanga ilikuwaje kabla mkoa haujaanza kuitwa jangwa, na imebadilikaje tangu wananchi waliporudia kufunga ngitili zao, yaani malisho yanayohifadhiwa kwa ajili ya kiangazi, hana budi kutegemea picha za vizazi tofauti. Zipo picha za filamu zilizopigwa kutoka ndegeni wakati wa ukoloni, zipo za setilaiti za miaka ya 1970 ambazo hazionyeshi zaidi ya mabaka, na zipo za leo zinazotenganisha mti na kivuli chake. Kila kizazi kina resolusheni yake, yaani eneo la ardhi ambalo pikseli moja hulibeba. Ili picha ya mwaka 1975 ilinganishwe na ya mwaka 2020, mojawapo lazima ibadilishwe kipimo: ama ile hafifu ikuzwe, ama ile kali ipunguzwe. Mafundi wa picha huuliza kama jambo hilo linawezekana bila ubora kupotea. Katika makala hii nashikilia kwamba swali hilo lina majibu mawili yasiyolingana. Kukuza hakuongezi maarifa hata kidogo, hata picha ikipendeza namna gani. Kupunguza hupoteza kitu, lakini hupoteza kwa njia inayoweza kupimwa na kuelezwa. Kwa hiyo anayelinganisha miaka na aishushe picha kali hadi kipimo cha ile hafifu, na nakala ya asili aitunze bila kuigusa.

Historia ya kupima nchi hii inaanza na mbung'o. Katika miaka ya 1930, Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o Tanganyika chini ya Charles Swynnerton, na kazi yake kubwa ilikuwa kupima pori: wapi vichaka vimesonga, wapi vikifyekwa mdudu atakosa kivuli. Swynnerton na mtaalamu wa mimea B. D. Burtt walikufa pamoja katika ajali ya ndege mwaka 1938. Ufyekaji uliendelea, na ndio unaotajwa leo miongoni mwa sababu za nchi ya Wasukuma kubaki wazi. Baada ya vita, Idara ya Upimaji ya Makoloni iliyoundwa London mwaka 1946 ilipiga picha za angani katika makoloni mengi, Tanganyika ikiwemo, ili kuchora ramani. Picha za namna hiyo hazina pikseli. Zina chembe za fedha juu ya filamu. Pikseli huzaliwa siku picha inapopitishwa kwenye skana, na hapo ndipo uamuzi wa kwanza wa resolusheni hufanyika. Tuchukue picha ya kipimo cha 1:40,000, ambayo milimita moja juu yake ni mita 40 ardhini. Ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, kila pikseli itabeba mita 3.4 hivi, kwa nukta 1,200, itabeba sentimita 85. Aliyeskani kwa nukta 300 kisha akaikuza faili mara nne atapata idadi ileile ya pikseli na yule wa nukta 1,200, lakini boma ambalo skana haikuliona halitarudi. Filamu nayo ina kikomo chake, kwani ukipita ukubwa wa chembe unaanza kupima chembe zenyewe badala ya ardhi. Kwa hifadhi za nyaraka fundisho ni kwamba ubora huamuliwa wakati wa kuskani, na programu ya baadaye haiwezi kulipa deni la siku hiyo.

Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat, na kuanzia hapo nchi yetu ikawa na kumbukumbu inayojirudia. Kifaa chake kilipima kipande cha ardhi cha mita 79 kwa 79 kwa wakati mmoja, lakini kilichukua vipimo kila baada ya mita 57 hivi katika mstari wa kuchanganua, hivyo vipimo jirani vilipandiana. Leo anayepakua picha hizo kutoka hazina ya picha ya Marekani hupewa pikseli za mita 60. Maana yake, hata picha anayoiita ya asili tayari imeshabadilishwa kipimo kabla hajaifungua. Jambo hilo si siri wala si kosa; limeandikwa katika maelezo ya picha. Tatizo huanza pale maelezo yanapoachwa nyuma na picha ikasafiri peke yake. Landsat 8, iliyorushwa mwaka 2013, ina mfano ulio wazi zaidi: kipima joto chake huona ardhi kwa mita 100, lakini picha ya joto hutolewa katika pikseli za mita 30 ili ipangane na picha za rangi. Pikseli moja imekuwa kama 11, na habari ni ya pikseli moja. Uji ukiongezwa maji hujaza vikombe vingi, lakini unga uliomo ni uleule.

Ni vema kueleza hizo pikseli mpya hutoka wapi, kwa sababu wengi hudhani programu huzichimbua kutoka ndani ya picha. Njia rahisi kuliko zote huangalia jirani wa karibu na kunakili thamani yake. Matokeo yake ni miraba mikubwa yenye kingo kali. Njia ya pili huchukua majirani wanne na kupata wastani kulingana na umbali. Njia ya tatu, ya kubiki, hutumia majirani 16 na mkunjo unaohifadhi kingo vizuri zaidi. Robert Keys aliieleza kihisabati mwaka 1981, na picha za Landsat zinazosambazwa hutumia njia ya aina hiyo. Katika zote tatu, thamani mpya ni hesabu ya thamani za zamani. Hakuna kipimo cha ardhi kilichoongezwa. Njia ya kubiki inaweza hata kuzidisha: pembezoni mwa bwawa linalong'aa huweza kutokea ukanda mweusi kuliko kitu chochote kilichopo pale. Tofauti ya njia hizi ni katika namna ya kukisia, na kukisia vizuri kunafaa kwa picha ya ukutani. Picha itakayokuwa ushahidi wa mpaka wa malisho inahitaji zaidi ya hapo.

Kwa Shinyanga jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo iyakute kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kumalizika mwaka 2004, ulijengwa juu ya desturi hii ya Wasukuma, na mwaka 2002 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Makadirio yanayotajwa zaidi ni kwamba ngitili zilizorekodiwa zilikuwa hekta 600 na kidogo mwaka 1986, na mradi ulipofika mwisho zilikuwa zimepita hekta 300,000. Sasa tuweke ngitili ya familia yenye hekta moja chini ya kila jicho. Katika picha za Landsat za miaka ya 1970 itachukua pikseli zisizofika tatu. Kwa Landsat ya mita 30, iliyoanza mwaka 1982, itachukua 11 hivi. Kwa Sentinel-2 ya Ulaya, iliyorushwa mwaka 2015 na yenye pikseli za mita 10, itachukua 100. Ulinganishe na mgodi wa almasi wa Mwadui, ambao mwamba wake una hekta 146 juu ya ardhi: huo ulionekana wazi tangu mwanzo, kwa pikseli zaidi ya 400. Kwa hiyo ramani ya 1975 itaonyesha mgodi na kuficha ngitili, na mtu akiiweka kando ya ramani ya 2020 bila kusawazisha kipimo, atatangaza kwamba ngitili zimeongezeka hata kama hakuna mti mmoja uliopandwa. Kilichoongezeka ni ukali wa jicho.

Hapo atainuka msomaji aseme kwamba hoja hii inawapokonya wananchi ushindi wao. Haifanyi hivyo. Ukubwa wa mabadiliko ya HASHI hauwezi kuelezwa kwa pikseli peke yake, kwa kuwa hesabu hizo zilitegemea kumbukumbu za vijiji na tafiti za nyumba kwa nyumba. Kinachohitaji tahadhari ni mabadiliko madogo ya baadaye, asilimia chache kupanda au kushuka, ambayo kosa la kipimo linaweza kuyameza yote. Pingamizi la pili ni zito zaidi: ukishusha picha ya mita 10 hadi mita 60, unafuta ngitili ndogo, na ngitili ndogo mara nyingi ndizo za kaya zenye ardhi haba. Ni kweli. Jibu langu ni kwamba mtafiti atoe takwimu mbili. Ya kwanza ni ya mwenendo wa miaka, iliyopimwa kwa kipimo hafifu kinachofanana kote. Ya pili ni ya hali ya sasa, iliyopimwa kwa ukali wote uliopo. Kuzichanganya katika jedwali moja bila maelezo ndiko kunakowadhulumu wenye vipande vidogo, kwa kuwa kunawafanya waonekane wamezaliwa jana.

Kupunguza picha nako kuna kanuni zake, na anayezivunja huunda vitu visivyokuwepo. Fikiria picha ya droni yenye pikseli za sentimita 5, iliyopigwa juu ya mashamba ya matuta yaliyoachana mita moja. Mtu akiipunguza hadi sentimita 90 kwa kuchukua pikseli moja katika kila 18 na kuziruka nyingine, picha mpya itaonyesha mistari mipana ya mita 9, mizuri na iliyonyooka, ambayo haipo shambani. Asiyejua ataiita kinga za mmomonyoko. Sababu yake iko katika kanuni aliyoithibitisha Claude Shannon mwaka 1949, akiendeleza kazi ya Harry Nyquist ya mwaka 1928: matuta ya mita moja yanahitaji vipimo vilivyo karibu zaidi ya sentimita 50, la sivyo hujigeuza kitu kingine. Njia ya haki ni kulainisha kwanza, kwa kutafuta wastani wa pikseli zote 324 zinazoingia katika mraba mpya; hapo mistari ya uongo hufifia karibu yote, na matuta yanapotea kwa uaminifu. Lakini wastani huohuo ni sumu kwa ramani iliyokwisha kugawanywa kwa tarakimu. Ikiwa 1 ni ngitili, 2 ni shamba na 3 ni maji, wastani wa ngitili na bwawa ni shamba, na ukanda wa mashamba ya kubuni utazunguka kila lambo. Ramani za namna hiyo zibadilishwe kwa jirani wa karibu au kwa kura ya walio wengi. Vijiji vyenye mipango ya matumizi ya ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haviwezi kubeba mgogoro uliozaliwa na kitufe kilichobonyezwa vibaya.

Pingamizi la wakati wetu ni la akili bandia. Zipo programu zilizofunzwa kwa mamilioni ya picha, ambazo hupokea picha hafifu na kurudisha kali, zenye mapaa na njia. Watetezi wake husema mipaka ya zamani imevunjwa. Hapa inafaa kutenganisha mambo. Landsat 8 ina ukanda mmoja wa mita 15 unaoweza kunoa picha za rangi za mita 30. Huko ni kuongeza ushahidi, kwa kuwa kipimo cha mita 15 kilichukuliwa kweli. Vivyo hivyo picha nyingi za mahali pamoja, zilizopishana kidogo, zinaweza kuunganishwa na kutoa undani ambao hakuna hata moja iliyokuwa nao peke yake. Programu inayonoa picha moja kwa kukumbuka picha za kwingine inafanya kazi tofauti: inaandika kile ambacho kwa kawaida huwepo mahali panapofanana na hapo. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita, mdomo wa duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, una upana wa mita moja au mbili, wakati pikseli ya Sentinel-2 ina mita za mraba 100. Programu iliyofunzwa kwa miji ya mbali itachora kichaka au paa mahali pa duara, na itachora kwa ukali unaoshawishi. Mamlaka ikitumia picha hiyo kuamua nani anachimba wapi, itakuwa imehukumu kwa kumbukumbu za nchi nyingine.

Wapo pia watakaosema kutunza asili ni gharama, na kwamba ofisi ya wilaya inahitaji ramani inayofunguka kwenye simu. Ramani ya simu itengenezwe, na ipunguzwe vizuri, hakuna anayekatazwa. Lakini hazina ya Landsat ilipofunguliwa bure kwa wote mwaka 2008, gharama ya kupata upya ilishuka kwa picha za setilaiti tu. Filamu za ukoloni zinazooza na picha za droni za siku moja haziwezi kupigwa tena. Kwa hizo, kila makumbusho, chuo na halmashauri ihifadhi faili ya kwanza bila mgandamizo unaoharibu, na kila nakala iliyobadilishwa iandikwe ilitoka kipimo gani, imeletwa kipimo gani, na kwa njia ipi. Maelezo hayo hayajazi hata nusu ukurasa, na ndiyo yatakayomwezesha mwanakijiji wa Samuye, mpaka wa ngitili yake utakapobishaniwa, kuuliza picha inayoletwa mbele ya baraza iliona nini hasa, na kupata jibu.