Jina la Wapagazi

Kutoka Dar es Salaam kwenda kupanda boti mto Rufiji, unapita Mbagala, unashika barabara ya Kilwa hadi Kibiti, kisha unakata kuingia ndani mpaka Mloka, jirani na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Majini, boti ikipunguza mwendo, viboko wanatoa macho na masikio, mamba wamejianika kwenye mchanga, na furukombe analia juu ya mvumo mkavu. Mwongozaji atakuonyesha hao wote. Huenda akakusimulia pia habari za Selous.

Frederick Selous alikuwa mwindaji wa Kiingereza. Aliuawa kwa risasi Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, akiwa na miaka 65, wakati jeshi la Uingereza likiwasukuma Wajerumani kuelekea Rufiji. Kaburi lake liko hukohuko. Mwaka 1922 pori la akiba likapewa jina lake, na mwaka 1982 UNESCO ikaliingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ikawa hifadhi ya taifa yenye jina la Mwalimu.

Lakini jeshi lile halikufika mtoni kwa miguu ya askari peke yao. Nchi ilikuwa na mbung'o, farasi na punda walikufa ovyo, hivyo unga, risasi na dawa vilisafiri juu ya vichwa vya watu. Wengi wao walichukuliwa kwa lazima. Hesabu yenyewe ilikuwa ya kikatili: mpagazi naye anakula, na kadiri njia inavyorefuka ndivyo anavyoula mzigo aliobeba. Mgawo ukapunguzwa. Kisha mvua kubwa za mwanzoni mwa 1917 zikaufurisha Rufiji na bonde likageuka maji matupu. Mafuriko ya mto huu ndiyo yanayolisha maziwa na vijito ambako boti za watalii huzunguka leo. Kwa ndege na samaki ni riziki. Kwa mtu mwenye njaa, aliyelowa na kubebeshwa gunia, yalikuwa njia ya kaburini.

Wapagazi wa upande wa Uingereza waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki wanakadiriwa kuwa zaidi ya 95,000. Kuhara damu, malaria na nimonia viliua wengi kuliko risasi. Wapagazi wa Wajerumani nao walikufa, na hesabu yao haikutunzwa vizuri.

Dar es Salaam ilikuwa imetekwa na Waingereza Septemba 1916. Kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kikapiga kambi katika eneo ambalo Wajerumani walikuwa wameanza kulijengea soko. Midomo ya watu ikalifinyanga jina hilo la Kiingereza likawa Kariakoo. Nairobi likawa Kariokor. Kambi ikaondoka, soko likabaki, na jengo jipya lililobuniwa na Beda Amuli likafunguliwa mwaka 1975.

Katika Mtaa wa Samora kuna sanamu ya mwaka 1927. Aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki. Wapagazi wanatajwa chini, kwenye maandishi. Pori nalo likapewa jina la mwindaji. Jina la wapagazi limebaki mdomoni mwa makondakta wa daladala, linaitwa kutwa nzima bila kuulizwa lilikotoka.

Wanafunzi wa historia tumezoea kuitafuta kwenye nyaraka na magofu. Hifadhi tunaiachia habari za wanyama, kana kwamba watu hawakuwahi kupita pale. Ukipanda boti Mtemere, mwongozaji akifika kwenye habari za Selous, muulize ni nani waliobeba mizigo ya jeshi lake. Ukiona anasita, mwambie umetoka Dar, na kwamba jina lao lipo sokoni.