Sambusa ni ya Nani? Safari ya Unga Mwembamba kutoka Baghdad hadi Buda na Busia



Kila Ramadhani watoto wa madrasa hapa mpakani hubishana: sambusa ni ya Wahindi au ya Waarabu? Jina lenyewe ni la Kiajemi. Huko Baghdad, zama za Bani Abbas, iliitwa sanbusaj, na mapishi yake yamo katika kitabu cha Ibn Sayyar al-Warraq cha karne ya 10. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye aliikuta Delhi katika karamu za Sultan Muhammad bin Tughluq: nyama ya kusaga, lozi, pistachio, vitunguu na viungo, ndani ya mkate mwembamba uliokaangwa kwa samli. Viazi wala pilipili hoho hazimo. Hivyo vilikuwa bado huko Amerika.

Unga mwembamba ulikwenda pia kaskazini. Waturuki wa Dola ya Uthmaniyya waliutandaza sana, wakauita yufka. Mwaka 1541 Sultan Suleiman aliitwaa Buda, na Waturuki wakakaa hapo hadi 1686. Wahungaria wana andazi la matunda liitwalo rétes, yaani lenye matabaka. Wajerumani huliita strudel. Wanahistoria wengi wanaona asili yake ni huo unga wa Kituruki. Mapishi ya strudel ya zamani yaliyohifadhiwa Vienna yameandikwa kwa mkono mwaka 1696, miaka kumi tu baada ya Waturuki kutoka Buda.

Kwetu je? Misafara ya Waswahili ilifika Mumias kabla ya reli, lakini ngano ilikuwa adimu. Mwaka 1902 Waingereza waliukata upande wa mashariki wa Uganda wakautia upande wa Kenya, na ndiyo maana leo kuna Busia mbili. Kiwanda cha Unga Limited kilianzishwa Kenya mwaka 1908, kisha reli ikapita Tororo na kufika Jinja mwaka 1928, Kampala 1931. Pamoja na reli walikuja wenye maduka wa Kihindi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka yalifungwa, lakini sambusa haikuondoka nao; ilikuwa imeshaingia katika majiko ya Waganda na Wasamia. Basi mwanafunzi akiniuliza ni ya nani, namwambia ni ya anayejua kuisukuma.

Sisi husukuma manda kwa kifimbo: chapati kadhaa hupakwa mafuta, hupangwa pamoja, husukumwa, hupashwa kwenye tawa kisha hubanduliwa moja moja. Mhungaria hatumii kifimbo mpaka mwisho. Hukanda unga kwa maji ya vuguvugu, mafuta, chumvi na siki kidogo, huuacha nusu saa, kisha huuvuta kwa migongo ya mikono juu ya kitambaa mpaka maua ya kitambaa yaonekane.

Jambo moja la kuangalia: huko Hungaria mafuta ya nguruwe ni ya kawaida jikoni, hivyo anayenunua aulize. Nyumbani tumia samli. Badala ya tufaha, maembe yasiyoiva sana yanafaa, pamoja na sukari, mdalasini na chenga za mkate mkavu za kunyonya maji. Kunja kama mkeka, paka samli juu, na kama hakuna oveni palia makaa juu ya sufuria, ya chini yawe machache.