Imani na Ujirani: Toka Mfongo wa Mlimani Hata Bomang'ombe

Wanaoandika habari za Ukristo katika Uchagga aghalabu huanza na majina ya wageni. Twaambiwa kwamba Johannes Rebmann aliuona Kilimanjaro mwaka 1848, na kwamba wamisionari wa Leipzig walianza kituo chao cha kwanza huko Machame mwaka 1893. Hayo ni kweli. Lakini hayatuelezi jinsi imani ilivyotoka kinywani mwa mgeni ikaingia kihambani na jikoni.

Bruno Gutmann, aliyefika mlimani mwaka 1902 na kuwa mchungaji wa Old Moshi kwa miaka mingi, alilitafakari sana jambo hilo. Aliona kuwa Mchagga hakuishi peke yake, bali alishikwa na vifungo vitatu: ukoo, ujirani na rika. Wenye vihamba vilivyopakana walikunywa maji ya mfongo mmoja, wakauzibua pamoja na kugawana zamu. Gutmann hakutaka mwongofu akatwe katika vifungo hivyo. Alitaka usharika ujengwe juu yake. Vijana wa kipaimara waliunganishwa katika vikundi vidogo, kila mmoja akiwa mlinzi wa mwenzake, na majirani wakawa na wazee wao wa kuwaangalia.

Jaribio kubwa la imani hiyo lilikuja mwaka 1920, Waingereza walipowaondoa wamisionari wa Kijerumani. Mimbari zilibaki, wenye mimbari wakaenda. Walimu Waafrika ndio walioongoza ibada, wakafundisha na kuzika. Wamarekani wa Augustana walipofika mwaka 1922 hawakukuta magofu. Walikuta sharika zilizo hai. Imani iliyokuwa imekaa kwa majirani haikuweza kupakiwa melini pamoja na wageni.

Hata hivyo, hatuna budi kumpima Gutmann kwa haki. Yeye aliogopa fedha na mji, akadhani kuwa vitavunja vifungo vya asili. Agano Jipya alilitafsiri kwa Kimochi, maana aliamini kuwa lugha ya mama ndiyo mlango wa moyo. Lakini historia haikumngoja. Wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925, na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikafuata mwaka 1933. Vihamba vikagawanywa hata vikawa haba, na vijana wakateremka tambarare.

Mteremko huo watufikisha Bomang'ombe, mji ulio kando ya barabara ya Moshi na Arusha, makao makuu ya Wilaya ya Hai. Hapa jirani si mtu wa mfongo mmoja. Ni mpangaji mwenzako: pengine Mpare, pengine Mmeru, pengine Mwislamu. Hakuna ukoo unaomlazimisha mtu kukesha na mgonjwa wa chumba cha pili, wala rika linalomwaibisha asipokwenda msibani. Akienda, ameamua mwenyewe. Na pole yake huitoa kwa Kiswahili, lugha ya njiani.

Kwa hiyo nasema kwamba Gutmann alijua imani huishi katika vifungo vya watu, lakini alikosea alipodhani kuwa vifungo vyenye nguvu ni vile vya kurithi tu. Msamaria wa Injili hakuwa wa ukoo wa yule aliyejeruhiwa, alimkuta njiani. Mlimani Mkristo alizaliwa akiwa na jirani. Bomang'ombe hana budi kuwa jirani kila siku upya, na hapo ndipo imani yake hujulikana, hata kabla hajaitaja.