Antena ya duara: chombo cha watu wasio na nafasi ya mlingoti

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Mwezi wa Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda, watu wapatao milioni moja walivuka mpaka na kuingia Goma kwa siku chache. Watoto wengi walipoteana na wazazi wao njiani. Mwaka huohuo BBC ilianzisha kipindi kifupi cha Kinyarwanda na Kirundi, Gahuzamiryango, maana yake kinachounganisha familia. Majina ya watu waliokuwa wakitafutana yalisomwa hewani. Mwezi wa Agosti, Redio Agatashya nayo ilianza kusema na wakimbizi kutoka Bukavu, mpaka vita ya 1996 ilipoinyamazisha.

Mama aliyekaa chini ya shitingi akisubiri jina la mtoto wake hakuwa na nafasi ya kukosa neno. Redio ikikoroma wakati jina linasomwa, jina limepita. Kwa hiyo habari ya antena si ya mafundi peke yao, ni ya kila familia iliyotawanyika. Na kati ya antena zote, moja ina historia inayowahusu sana watu wa kambini na wa nyumba za kubanana: antena ya duara, inayofanya kazi pamoja na kapasita ya kugeuza.

Chombo hiki ni cha zamani kuliko redio yenyewe. Kati ya 1887 na 1888, huko Karlsruhe, Ujerumani, Heinrich Hertz alipothibitisha kwamba mawimbi ya umeme yanasafiri hewani, alichotumia kuyanasa kilikuwa waya uliokunjwa duara, wenye mwanya mdogo sana. Wimbi likifika, cheche ndogo iliruka kwenye mwanya. Miaka ya 1920, redio nyingi za nyumbani Ulaya na Marekani zilikuwa na fremu ya mbao iliyozungushiwa waya, na kapasita ya kuchagua stesheni. Miaka ya 1950 fremu ile ikapungua, ikawa kijiti cheusi cha feraiti chenye waya mwembamba. Kijiti hicho kimo mpaka leo ndani ya redio ndogo za sokoni zenye masafa ya kati, yaani AM. Wengi wanayo nyumbani bila kujua.

Hapa kwetu historia ilipita njia nyingine: waya mrefu. Wakati wa Wabelgiji, maredio-amateri wa Kongo waliitana kwa alama ya OQ5. Baada ya uhuru wa 1960 ikawa 9Q5. Kabla ya simu za mkononi kuenea, mapadri, mashirika, kampuni za ndege na wafanyabiashara waliwasiliana kwa foni. Aliyepita karibu na misheni au depo aliuona waya umefungwa juu kati ya miti miwili. Kwa masafa ya megahezi 7, waya huo unahitaji kama mita 20. Nani ana mita 20 kambini? Na hata mwenye kiwanja, kuchimba shimo la mlingoti juu ya mawe ya volkano ni kazi ya siku nzima. Mawe hayo yakikauka hayapitishi umeme vizuri, kwa hiyo hata waya wa ardhi hausaidii sana.

Shida kama hiyo iliwapata wanajeshi wa Marekani msituni Vietnam. Mwezi wa Agosti 1967, Kenneth H. Patterson alieleza katika jarida la Electronics antena ya duara ya kurushia sauti, iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi hilo. Maredio-amateri waliisoma, wakaanza kujitengenezea zao. Duara la bomba la shaba lenye upana wa mita 1 linaweza kufanya kazi ya ule waya wa mita 20, ingawa kwa nguvu pungufu. Halihitaji mlingoti wala waya wa ardhi.

Siri iko kwenye kapasita. Ni vipande vya chuma vinavyokaribiana bila kugusana. Ukigeuza kitasa, vinaingiliana zaidi au vinaachana, na duara linahamia kwenye masafa mengine. Kwa duara la mita 1, megahezi 7 zinataka kama pikofaradi 200. Megahezi 14 zinataka karibu robo yake. Ukisogea kidogo tu kwenye masafa, lazima ugeuze tena. Mafundi hukata bati za alumini wenyewe, au hutumia mirija miwili ya shaba inayoingiana, na plastiki katikati.

Hapo pia ndipo hatari ilipo. Kwa nguvu ya wati 100, umeme kwenye kapasita hufika volti elfu kadhaa. Unaunguza mkono. Kurusha sauti kunahitaji pia kibali cha serikali, na katika eneo la vita mtambo wa kurushia unaweza kumletea mwenye nyumba mashaka makubwa.

Kusikiliza ni jambo jingine. Duara la kupokea halina volti hizo. Waya wa umeme uliozungushwa juu ya fremu ya mbao na kapasita iliyotolewa kwenye redio iliyokufa vinatosha. Kwa masafa ya kati, redio huwekwa tu karibu na fremu, kitasa kikageuzwa mpaka sauti ipande.

Asiye na vitu hivyo anayo bado dawa ya bure. Duara na kijiti cha feraiti husikia vizuri upande mmoja na vibaya upande mwingine. Kwenye masafa ya kati, geuza redio nzima polepole: stesheni itapanda na kushuka. Makelele ya chaja au ya inveta ya sola yakizidi, izungushe mpaka yapungue, kisha isogeze mbali nayo. Kwa masafa mafupi na FM, redio ndogo hutumia ule mwiko wa chuma wa kuvuta. Uvute wote, usogee dirishani au mlangoni.

Mwaka 1994 kulikuwa na familia zilizongoja jina moja tu. Leo pia zipo.