Kuiga, Kunukuu na Kuiba: Hakimiliki katika Sanaa na Fasihi

Mwalimu akisimama kituoni Kariobangi asubuhi, ataona matatu zilizochorwa sura za wanamuziki na wanakandanda. Nyingi huigwa kutoka picha za wapiga picha ambao hawatajwi popote. Je, mchoraji amebuni au ameiba? Swali hili lahusu fasihi pia.

Sheria ya Uingereza ya 1710 ilimpa mwandishi haki juu ya kitabu kipya kwa miaka 14, na miaka mingine 14 iwapo angali hai. Kenya ilitunga sheria yake mwaka wa 1966. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 iliyofuata humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Hata hivyo, sheria hizi hazilindi wazo tupu, bali umbo lililopewa wazo hilo: maneno, mistari na rangi.

Mfano mzuri unatoka Marekani. Mwaka wa 1981 Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince. Mwaka wa 1984 Andy Warhol aliitumia picha hiyo kuunda kazi 16. Mwaka wa 2016 wakfu wa Warhol ulilipwa dola 10,000 na jarida kwa mojawapo ya kazi hizo. Goldsmith hakupata chochote. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu, kwa kura 7 dhidi ya 2, ilikataa hoja ya wakfu kwamba kubadilisha mtindo kulitosha. Picha zote mbili zilifanya kazi ileile: kumwonyesha Prince jaridani.

Sheria yetu nayo huruhusu matumizi ya haki kwa utafiti, matumizi ya kibinafsi, uhakiki na kuripoti matukio ya wakati huo. Katika mkusanyiko wa kufundishia shuleni, inaruhusu vifungu vifupi visivyozidi viwili vya kazi moja, mradi kazi na mwandishi watajwe. Ndiyo maana mtahiniwa anayedondoa kauli ya mhusika ili kuthibitisha hoja hamkosei mtu.

Tuangalie fasihi yenyewe. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla anamchora Bwana Msa mwenye kiko na rafiki yake Najum, jozi inayotukumbusha Sherlock Holmes na Watson. Wakati huo hadithi za Arthur Conan Doyle, aliyefariki 1930, zilikuwa zingali na hakimiliki. Lakini Abdulla hakuchukua maneno ya Doyle. Alichukua aina ya mhusika, akampa Unguja, lugha na fumbo jipya. Huo ni mwingilianomatini, wala si wizi.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuja darasani na tamthilia nzima iliyotolewa fotokopi. Sikumkaripia, kwa kuwa nilijua nyumbani hakuna pesa. Hata hivyo nilimweleza kwamba nakala ile haikuongeza neno, na ilichukua nafasi ya kitabu ambacho mwandishi angelipwa. Tangu hapo tunasoma wanafunzi watatu kwa nakala moja halali.

Watahiniwa, mkikutana na swali la kuathiriana kwa kazi, jiulizeni: Ni nini kimechukuliwa? Ni nini kimeongezwa? Je, kazi mpya inatimiza lengo jipya, au inakaa tu katika kiti cha ile ya awali? Atakayejibu haya matatu atakuwa amehakiki, si kusimulia.